Rangi ya Bluu Nyuma ya Sikio la Ndovu

Awendo, Alhamisi, saa kumi jioni

Achieng', nyathina, mwanangu,

Umekwenda Homa Bay kumuaga nyanya yako, na namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujamaliza samaki mzima na kuombewa mara mbili. Kwa hivyo nina muda. Nimefunga mlango wa studio kwa ndani. Mtu mmoja amebisha akitaka picha za pasipoti, nikanyamaza kama mwizi mpaka akaenda zake.

Mambo ya blanketi, dawa na chaja umeshaambiwa na baba yako, tena amekuandikia kwenye karatasi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikimbia kwa miaka kumi na mitatu. Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa wewe na mimi tunaongea Dholuo, kwa sababu lilitokea kwa Kiswahili. Ndiyo lugha niliyozungumza na Bhoke. Asubuhi nilijaribu kuanza kwa Dholuo, nikaona ninajua njia nyingi mno za kujitetea.

Ni kuhusu ile picha ya ndovu. Umekua ukiitazama. Jicho moja limetoka wazi kabisa, na kope zake ndefu zenye vumbi, na mikunjo ya ngozi ambayo ulikuwa ukiihesabu kwa kidole ukisubiri nifunge kazi. Kuanzia hapo kila kitu kinayeyuka: ncha ya mkonga, mahindi, kilima. Nyuma ya sikio kuna doa la bluu. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza, "Mama, hii ya bluu ni nini?" Nikakwambia ni maua. Ukaandika kwenye insha kwamba mama yako alimpiga picha ndovu kwenye maua, mwalimu akakusifu, ukaja mbio kunionyesha daftari.

Hayakuwa maua. Ni gauni la Bhoke.

Bhoke unamkumbuka kidogo. Ni yule mama wa Kikuria aliyekuwa akikuletea karanga ulipokuwa mdogo, kisha akaacha kuja. Nilikwambia wamehamia Tanzania. Hawakuhama. Wako palepale, juu kule karibu na mpaka, na kwa miaka yote hii ningeweza kufika kwao asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa.

Tulijuana kwenye harusi ya binti wa dada yake, nilipoitwa kupiga picha. Mvua ikaharibu barabara, nikalala kwake siku mbili. Alinicheka nikisema "samba" badala ya "shamba", nami nikamcheka akisema "kurara" badala ya "kulala". Mume wake, Mwita, alikuwa mtu wa maneno machache, anayependa mambo ya nyumbani kwake yaende kama anavyotaka. Bhoke alimheshimu, lakini alikuwa na kichwa chake. Nilimpenda kwa hilo. Akawa dada yangu, na sisemi kwa mdomo tu.

Wakati ule nilikuwa nimechoka na kazi hii, na sikumwambia mtu. Nilipiga picha watu waliokaa mbele ya pazia, na maiti waliolala kwenye majeneza huku ndugu wakijipanga pembeni. Nikanunua ile lenzi ndefu kwa mpiga picha mmoja wa Kisumu aliyekuwa akistaafu. Usiku nikiota nilikuwa naota sura zikitokeza zenyewe kwenye ukungu. Wewe unajua raha hiyo. Unafungua tundu la lenzi lote, unaweka shabaha kwenye jicho, na dunia nzima inatii, inarudi nyuma. Unabaki na kipande chembamba kisichozidi urefu wa mkono, na hicho ni chako. Nilitaka mtu mmoja tu, mahali popote, asimame mbele ya picha yangu aulize, "Nani alipiga hii?"

Ndovu huwa wanavuka kutoka upande wa Mara mahindi yakikomaa. Asubuhi moja Bhoke alinipigia simu. "Dada, wamekuja. Wako kwa shamba letu, na mmoja ana mtoto." Alinipigia kwa sababu nilikuwa nimemwomba. Hilo pia lijue.

Nilipofika watu walikuwa wamepanda kwenye miamba juu ya shamba, wanapiga kelele na kurusha mawe yasiyofika. Askari wa wanyama walikuwa wameitwa, bado wako njiani. Wengi wa ndovu walikuwa wameshaingia kichakani. Yule jike mwenye mtoto alibaki, anang'oa mahindi taratibu. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Sikumuuliza mtu. Niliteremka kwa upande wa pili, jiwe hadi jiwe, mpaka nikafika nyuma ya mwamba mmoja ulionifika kifuani. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua kumi na tano. Nilisikia tumbo lake likinguruma. Nilisikia mahindi yakivunjika mdomoni mwake.

Lakini kichwa kilikuwa chini. Kila nikitazama kwenye kamera naona paji la uso na majani. Jicho limefichwa na mahindi.

Ndipo Bhoke akanifikia. Alikuwa ameniona kutoka juu, akashuka kuja kunichukua. Alikuwa amevaa lile gauni lake la bluu la kanisani, kwa sababu alijua nakuja. Alinishika mkono.

"Dada, turudi. Huyu ana mtoto. Huyu si wa kuchezea."

"Dakika moja."

"Hapana dakika. Turudi."

Nikamwambia, na maneno haya nimeyarudia moyoni mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuyakosea: "Bhoke, nisaidie kidogo tu. Zunguka pale chini kwenye mtaro, utoke upande ule mwingine. Piga lile debe mara moja. Nataka ainue kichwa tu. Halafu tunaenda."

Palikuwa na debe la bati limetupwa karibu nasi, la kufukuzia nyani. Alilitazama, akanitazama. Nilikuwa mgeni wake. Nilikuwa nimetoka mbali. Akasema, "Mara moja?" Nikasema, "Mara moja." Akaenda.

Alipiga mara moja, kama nilivyosema.

Ndovu aliinua kichwa. Masikio yakafunguka, vumbi likaruka, na jicho likaja kwenye shabaha kana kwamba limeitwa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, Achieng', nakwambia bila kujificha. Nilibonyeza. Ile ndiyo picha iliyokuwa ukutani. Nilibonyeza tena. Ukungu wa bluu ulikuwa unasogea nyuma ya sikio, na nilijua ni nani. Watu wote niliowaambia kwamba lenzi ilimficha, niliwadanganya. Lenzi ilifuta sura yake, lakini mimi nilijua. Niliona ndovu akianza kugeuka upande ule, na kidole kikaendelea. Picha saba. Nilizihesabu baadaye, kisha nikafuta sita.

Kuna kitu kingine, na ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Nilipoacha kubonyeza, nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Ningepiga kelele, au ningerusha jiwe, angenigeukia mimi. Nilijua hivyo, na nikanyamaza. Nilijikunja nyuma ya mwamba nimekumbatia kamera. Sikuona alivyopigwa, nilisikia tu debe likibingirika kwenye mawe.

Hakukanyagwa. Ndovu alimsukuma kwa mkonga akaanguka kwenye miamba ya mtaro, akasimama juu yake kidogo, kisha akamfuata mtoto wake kichakani. Nilipofika, Bhoke alikuwa macho. Paja lilikuwa limevunjika, mguu umelala vibaya. Alinishika nguo akasema jambo moja tu: "Uko salama?"

Askari walipofika walimpandisha kwenye gari lao. Mmoja wao, kijana mwenye daftari, akauliza watu, "Huyu mama alikuwa anafanya nini kule chini?" Wote walikuwa wamefika kutoka juu, hakuna aliyesikia tulichosemezana. Mwita alikuwa amesimama hapo, uso umekauka. Wakanitazama mimi.

Nikasema, "Sijui. Nilimwona tu ameenda."

Bhoke alikuwa amelala garini, mlango wa nyuma uko wazi. Alisikia. Aligeuza kichwa akanitazama. Nilijiambia ni maumivu. Nilijiambia labda hakusikia. Mlango ukafungwa.

Sabato iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilishukuru kwa kuponea chupuchupu, nikaomba wamwombee dada yetu Bhoke, ambaye kwa ujasiri wake alikwenda mwenyewe kuwafukuza ndovu. Watu wakasema amina. Wewe ulikuwa umekaa mstari wa mbele, miguu haifiki chini, na ulikuwa unatabasamu.

Picha ikaenda. Unajua hiyo sehemu: maonyesho ya Kisumu, kalenda, wageni waliokuja mpaka hapa studio kunipa mkono. Walisimama mbele yake wakauliza nani alipiga hii. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na kila mtu aliyeuliza swali lile aliniacha nikiwa na njaa zaidi. Nilimtembelea Bhoke hospitali mara mbili, na ya pili sikuweza kumtazama. Alipotoka alikuja hapa mara moja, na gongo, akiwa amekuletea zile karanga. Aliiona picha ukutani. Aliitazama kwa muda. Nikajifanya nina mteja. Hakurudi tena, na mimi nikamhamishia Tanzania.

Sasa nikwambie kwa nini umeona sina raha tangu wiki ile uliyorudi kutoka Lambwe.

Ulikuja na furaha, ukaniwekea kompyuta hapa mezani unionyeshe picha ulizopiga kando ya uzio wa mbuga. Zilikuwa nzuri. Una jicho zuri kuliko langu. Ukafika kwenye ile ya nyati wawili walioinua vichwa, ukungu wa majani nyuma yao, na ukasema huku unacheka, "Walikuwa wameinama tu, Mama. Kulikuwa na mzee anachunga ng'ombe pale, nikamwambia asogee kidogo upande wao apige mluzi. Akasogea. Mara wakainua vichwa, pap!"

Nikakuuliza, "Alikuwa ndani au nje ya uzio?"

"Uzio umeanguka sehemu hiyo. Lakini hakuna kilichotokea."

Nikasema picha ni nzuri. Hayo ndiyo maneno niliyoweza kuyatoa. Kisha nikaenda nyuma, kwenye kile chumba cha vifaa, nikakaa juu ya ndoo. Wewe ulidhani naumwa kichwa. Sikukasirikia wewe. Hukuwa na njia ya kujua. Mtu pekee aliyeweza kukufundisha alikuwa amekwambia ni maua.

Siku iliyofuata nilikwambia ninaenda Migori kununua karatasi. Nilienda kwa Bhoke.

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti kifupi, mguu ule umenyooshwa mbele, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Aliponiona hakusimama, lakini alisogeza kiti kingine kwa mkono.

"Karibu, Mama Achieng'." Hakuniita dada.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikasema, "Bhoke, siku ile nilikutuma mimi."

Akaendelea kupukuchua. "Unaniambia mimi? Nilikuwepo."

"Najua."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

Akaweka gunzi chini, akafuta mikono, na kwa mara ya kwanza akanitazama sawasawa. Akaniambia yale ambayo sikuwahi kuyauliza. Mwita kwa miaka yote hii amewaambia watoto wao kwamba mama yao aliharibiwa mguu na ukaidi wake. Wakikosana, anamwambia, nenda basi kawapigie ndovu debe. Binti yake mkubwa alipochumbiwa, Mwita alimwambia mbele ya wageni, usiwe kama mama yako, asiyesikia. Watu wakacheka. Bhoke naye akacheka, akaenda jikoni.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza.

"Nilimwambia. Mara moja, nikiwa bado hospitali. Akasema yule mpiga picha, mtu wa kanisa, alisimama mbele ya askari akasema hajui. Yeye aseme uongo ili iweje? Nikaona ninaonekana mtu wa kusingizia wageni. Nikanyamaza. Nikasema, atakuja mwenyewe. Mwaka huo nilikungoja sana. Halafu nikaacha."

Nilikuwa nikidhani kosa langu ni mguu. Nyumbani kwake kila siku nilikuwa nikimvunja mahali pengine, nami sipo hata kuona.

Akamwita Mwita. Alikuja kutoka kwa ng'ombe, amezeeka, lakini bado amenyooka. Nikasimama. Nilimwambia yote: mwamba, debe, mara moja, picha saba, na jinsi nilivyojikunja. Nilimwambia alipokuwa amesimama pale na uso mkavu, mke wake alikuwa amelala garini ananisikia nikimkana. Sauti yangu ilikatika mara mbili, na hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa sawa.

Mwita alimgeukia Bhoke akamuuliza jambo kwa Kikuria. Bhoke akajibu kwa neno moja. Akauliza tena, polepole, na safari hii Bhoke aliinama juu ya beseni na mabega yakaanza kutikisika. Yule mzee akachuchumaa mbele yake. Sijui alisema nini. Sikuelewa hata neno, na haikuwa yangu kuelewa. Baadaye alisimama akaniambia bila kunitazama, "Chai utakunywa. Halafu uende." Nikanywa. Ilikuwa na maziwa mengi, kama zamani.

Bhoke alinisindikiza mpaka penye miti ya mpakani mwa boma, hatua kwa hatua, na gongo lake. Nilimwomba msamaha hapo. Hakusema amenisamehe, na usimuulize kama amenisamehe. Alisema, "Leo Mwita amesikia. Hiyo ni kubwa." Kisha akauliza, "Na huyo mtoto wako wa karanga, anajua?"

Nikasema hapana.

"Sasa anafanya kazi gani?"

Nikamwambia umepata kazi kwenye kambi ya wageni upande wa Mara, kuwapeleka na kuwafundisha kupiga picha. Nilidhani atacheka au atalaani. Akasema, "Basi mwambie kabla hajaenda. Huko kuna watu wengi wa kutumwa."

Maneno yake siwezi kuyaongeza, Achieng'. Huko utakuwa na dereva ambaye kazi yake inategemea mgeni afurahi. Kutakuwa na mzee wa ng'ombe, na mama anayekata kuni, na mtu wa kukuonyesha njia. Watakupenda, kwa sababu unapendeka, na ukiwaomba kitu watafanya. Mgeni mwenye lenzi kubwa atakunong'oneza, tusogee kidogo, na utatamani kumfurahisha, na utatamani picha hiyo wewe mwenyewe. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi najua nilivyofanya. Ninachokuomba ni kwamba, ukikosea, useme siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuishi ndani ya uongo wako. Siku ya kwanza ni ngumu. Siku ya pili unagundua umekuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye aliyekulea.

Yule mzee wa Lambwe mtafute. Hutakosa mtu anayemjua. Hakuumia, lakini hakujua ulimwomba nini.

Picha nimeiteremsha leo mchana. Baba yako ameniuliza, na nikamwambia. Alitoka nje akazunguka trekta lake mara kadhaa kana kwamba anakagua magurudumu. Hatujamaliza kuongea.

Kuhusu kanisa, nitasimama Sabato hii. Wewe utakuwa umeshaondoka. Nilitamani nawe nikwambie ukiwa umeshaenda, ili nisione uso wako, halafu nikatambua kwamba huko nako ni kujificha. Ndiyo maana barua hii utaipata leo, ukirudi, kabla ya kulala, na si ndani ya begi ukiwa njiani.

Gari lenu la kesho litapita njia ya Kuria. Bhoke anajua siku na saa, nilimwambia. Hakusema atakuja barabarani, nami sikumwomba. Nyumba yao iko mkono wa kulia, baada ya daraja la pili, bati jekundu. Kama utashuka au hutashuka, ni juu yako. Ukishuka, usimwambie chochote kuhusu mimi. Msalimie tu, umwambie jina lako.

Asubuhi nitaamka kukupikia chai kama kawaida. Huna haja ya kunihurumia mezani, wala ya kuniambia kitu ambacho bado hakijawa kweli moyoni mwako. Ukitaka kuninyamazia, ninyamazie. Nitakubebea begi hadi barabarani, nitasimama upande wako mpaka gari lije.

Ni mimi,
mama yako